Mtupimie Mto, Msitupimie Mawingu Tu

Kwenye nguzo ya dungu langu, ng'ambo ya mto Kilombero, kuna alama saba zilizochongwa kwa panga. Ya chini kabisa inanifika gotini. Ya juu kabisa inanifika kifuani, na mimi si mwanamke mfupi. Dungu lenyewe limejengwa upya mara nyingi, maana nyasi huoza na fito huliwa na mchwa, lakini nguzo hiyo ya mninga ni ile ile aliyoisimika marehemu baba. Alama mbili za mwanzo alizichonga yeye, tano ni zangu. Kila alama ni mwaka ambao maji yalipanda kuliko kawaida yake, na sikuona haja ya kuandika tarehe pembeni. Ya pili kutoka juu ni 1998, masika ya El Nino, nilipopanda ngazi ya dungu nikiwa na mtoto mchanga mgongoni. Ya juu kabisa ni 2024.

Kwa msomaji asiyelijua dungu: ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Mpunga ukianza kutoa masuke, familia inahamia huko kuamia ndege, maana kwelea wakikuta shamba halina mtu hawabakizi kitu. Unalala juu, unapika juu, na maji yakija yanapita chini yako. Babu zetu walipojenga hivyo walijua kabisa kwamba mto utakuja kuwatembelea, na walitaka uje.

Mwaka jana binti wa mdogo wangu, ambaye anatunza wazee katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, alinitumia picha kwenye simu. Nilidhani ni ya theluji. Kwa miaka yote niliyofundisha Kiingereza shule ya msingi, hali ya hewa ya kwao niliyoijua ilikuwa ile picha ya ukutani yenye miti minne: mmoja umechanua maua, wa pili una majani mabichi, wa tatu majani ya kahawia, wa nne mtupu umefunikwa na weupe. Watoto wangu wa Ifakara waliikariri misimu hiyo minne kwa wimbo, wakaijibu vizuri kwenye mtihani, kisha wakatoka nje wakavua viatu ili wavuke madimbwi kurudi nyumbani. Lakini hii haikuwa picha ya theluji. Ilikuwa ukuta wa baa moja iliyo kando ya mto Ouse, na ukutani pana kipimo chenye alama za mafuriko ya miaka mbalimbali, moja juu ya nyingine. "Mama mkubwa," aliandika chini yake, "si unaona na wao wana nguzo ya babu?"

Nilipiga simu usiku huo huo. Tulizungumza mpaka salio likakata, akanipigia yeye.

York imekaa tambarare kama sisi. Mto Ouse unaopita katikati ya mji unapokea maji ya mito mitatu, Swale, Ure na Nidd, inayoshuka kutoka kwenye vilima vilivyo mbali na mji. Mvua ikinyesha sana huko vilimani, maji yanafika mjini baadaye, pengine mawingu yameshaondoka. Novemba 2000 Ouse ulipanda mita 5.4 juu ya kiwango chake cha kawaida. Desemba 2015 ukapanda tena kupita mita tano. Binti yetu alinieleza maisha ya huko wakati wa baridi, jua likichomoza saa mbili na ushee asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na jinsi kila mtu anavyolalamikia mvua kuanzia kituo cha basi hadi kazini. "Lakini wakitaka kujua kama kesho ile njia ya kando ya mto itapitika," aliniambia, "hawaangalii wingu, mama. Wanafungua simu wanaangalia mto una mita ngapi." Wakala wa Mazingira wa huko ameweka vipimo mitoni vinavyojiandika kila robo saa, na namba zake zinawekwa wazi kwa yeyote bila malipo.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa ajili ya Ifakara na bonde zima la Kilombero. Tupewe namba ya mto, kila siku, kama tunavyopewa bei ya mafuta ya petroli na matokeo ya Simba na Yanga.

Nieleze kwa nini nalisema kwa uchungu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetutangazia El Nino tangu Agosti 2023, na haki yao wapewe, mvua zilikuja. Siku ninayoikumbuka mimi ilikuwa ya Aprili 2024. Juzi yake na jana yake haikunyesha Ifakara hata tone. Asubuhi ujumbe wa simu ulisema kutakuwa na vipindi vya jua, na jua likatoka kweli, nikaanika mihogo yangu juu ya turubai. Saa nne hivi, nikiwa nimekaa mlangoni mwa dungu, niliona maji ya mferejini yamesimama. Mfereji ule hutoa maji shambani kuyapeleka mtoni, siku zote. Majani makavu yaliyokuwa yakielea kuelekea mtoni yalisimama, yakazunguka kidogo mahali pamoja, kisha yakaanza kurudi. Hapakuwa na kelele yoyote. Nyuma yake likaja povu la rangi ya chai ya maziwa, na sisimizi waliokuwa kwenye kingo za majaruba wakaanza kupanda mabua ya mpunga wamebeba mayai yao meupe. Mto ulikuwa umeinuka kuliko mfereji, na sasa unaingia shambani kwa mlango wa nyuma. Adhuhuri maji yalikuwa gotini. Magharibi yalikuwa kiunoni, na mbingu bado iko wazi, nyota zinaonekana moja moja.

Nusu ekari ya mpunga wa aina ya SARO ilikuwa tayari kwa mundu. Ningeambiwa jana yake tu, ningeita watu sita tukaimaliza kabla ya giza. Ekari moja na nusu ya mpunga wa Supa ilikuwa bado kijani, hiyo nisingeweza kuiokoa, nakubali. Maji yalikaa, masuke yakazama yakaoza, na mwaka ule nilipakia gunia nne mahali nilipozoea kupakia ishirini na zaidi. Kisha nilichonga alama.

Mpunga wangu ni mdogo mbele ya msiba wa mwaka ule. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua na mafuriko ya msimu huo. Chini yetu, ambako maji yetu yote huishia, watu wa Rufiji, Muhoro na vijiji vya jirani yake, walikuwa wakipita kwa mitumbwi juu ya mashamba yao. Nautaja mpunga wangu kwa sababu ndio ninaoujua gunia kwa gunia, na kwa sababu nina hakika nusu ekari ile ilipotea kwa kukosa habari ya siku moja.

Utabiri haukunidanganya. Ulijibu swali la kama mvua itanyesha Ifakara, na jibu lilikuwa sahihi. Ila kwa mtu wa bondeni hilo ni swali la pili. Swali la kwanza ni: huko juu imenyesha?

Ifakara iko chini, kama mita 250 hivi kutoka usawa wa bahari. Nyuma yetu ndipo inapopanda milima ya Udzungwa, na kilele chake cha Luhombero kinapita mita 2,500. Kilombero wenyewe unazaliwa pale Ruhudji na Mnyera inapokutana, na maji ya mito hiyo yanatoka nyanda za Njombe na Mufindi, kwa watu wanaovaa makoti wakati sisi tunajipepea kwa kanga. Njiani inaongezeka mingine kutoka milimani: Mpanga, Kihansi, Mngeta, Ruipa, na huku kwetu mjini Lumemo. Yote inateremka mbio kwenye mawe, inafika kwenye tambarare iliyolala kama mkeka, na hapo mbio zinakwisha. Maji yanatambaa, yanajaza mabwawa, yanazunguka kwenye matete, yanasubiriana. Mvua kubwa ya milimani hutufikia baada ya siku kadhaa, ikiwa imegeuka ukuta wa maji ya matope unaotembea polepole chini ya jua kali. Siku hizo za katikati, kati ya mvua ya Mufindi na mfereji wangu, ndizo ninazozidai.

Lumemo una tabia nyingine na nisiuchanganye. Huo ni mfupi na mkali. Unaweza kulala umeuacha mtoto anavuka, ukaamka usiku umeingia mitaani, unabisha milango kando yake. Kwa Lumemo hatuna siku, tuna saa. Ndiyo maana mtu akiniambia "mafuriko ya Ifakara" namuuliza yapi.

Tumezoea kudhani mvua nyingi na mafuriko ni kitu kimoja. London, inayosifika kwa mvua dunia nzima, hupata wastani wa milimita 600 hivi kwa mwaka, ambazo zinakaribiana na za Dodoma. Tofauti ni kwamba London inanyeshewa kidogo kidogo mwaka mzima na Dodoma inamaliza zote ndani ya miezi mitano, halafu jua linazinywa. Manchester, ambayo Waingereza wenyewe huicheka kwa mvua, hupata mia nane na ushee. Bonde letu hupata kati ya 1,200 na 1,800, na sehemu kubwa inashuka ndani ya miezi michache. Hata hivyo mwaka mmoja mvua inaweza kunyesha sana hapa mjini na mbuga isijae, mwaka mwingine tukanyeshewa wastani tu na dungu likaogelea. Anayeamua ni mlima.

Kwenye taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa mkoa wetu umegawanywa: kaskazini mwa Morogoro imewekwa pamoja na watu wa vuli na masika, kusini mwa Morogoro pamoja na watu wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, kundi moja na Iringa, Njombe, Mbeya na Ruvuma. Ni mgawanyo sahihi, na nafurahi kwamba tumewekwa na watu wa milimani, kwa sababu maji yao ndiyo yetu. Shida ni kwamba jirani yangu akisikia redio anashika neno "Morogoro" tu. Nimewahi kumkuta anasia mbegu kwa tangazo la vuli lisilomhusu.

Na mwaka wetu una mambo kuliko "msimu" mmoja. Mwezi wa sita na wa saba ni kipupwe. Asubuhi ukungu unakaa juu ya mbuga, watoto wanakwenda shule wamejikunyata, na mpunga unapigwa kwenye maturubai mpaka usiku. Agosti hadi Oktoba ardhi inakauka na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi, matete yanachomwa, na ukisimama Kibaoni jioni Udzungwa huioni kwa moshi. Novemba joto linakukalia kifuani, maembe yanaanguka yenyewe barabarani, na kila mtu anatazama upande wa milima. Zikija mvua za kupandia, matrekta na majembe ya ng'ombe yanatoka siku moja utadhani wamepigiana simu. Januari au Februari mvua hupumzika. Miaka ya nyuma mapumziko hayo tulipalilia ndani yake tukayapenda. Siku hizi mimi nayaogopa, kwa sababu mara nyingine yanarefuka mpaka miche inakunja majani, na ikirudi mvua inarudi kwa hasira. Machi inafungua mlango wa kifuku.

Ndani ya kifuku kuna msimu mwingine ambao sijauona kwenye kitabu chochote nilichofundishia. Wazee hawaupi jina la pekee. Wanasema tu, "maji yamekuja." Una chakula chake, kazi zake na furaha yake. Usiku wa maji mapya kambale wanatoka mtoni, wanajiburuta kwenye majani mabichi kufuata maji ya kina kifupi wakatage, na vijana wanawangoja na taa na vikapu. Ni wakati mtoto wa bondeni anakula samaki mpaka anasaza. Mei au Juni maji yakishuka yanaacha tope jeusi laini ambalo hakuna mbolea ya dukani inayolifikia. Mashirika ya kimataifa yanaijua thamani hiyo: tangu 2002 bonde hili, karibu kilomita za mraba 8,000, limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia. Taifa nalo linaijua, maana zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji yanatoka Kilombero, na chini huko limejengwa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Taa zinazowaka Dar es Salaam zina mvua ya Mufindi na Mlimba ndani yake.

Sasa mto wenye kazi zote hizo tunaujuaje? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn walichapisha hesabu za namna maji yanavyopita katika bonde la Kilombero. Ili kuzipima hesabu zao na mto halisi walitumia vipimo vya kituo cha Swero, vya kuanzia 1958 hadi 1970. Wakati huo mimi bado nilikuwa nabebwa. Reli ya TAZARA ilikuwa haijajengwa. Niliposoma hilo niliifunika karatasi nikatoka nje kidogo.

Sisemi kwamba leo mto haupimwi popote. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa na kupima mito hii ni sehemu ya kazi yake. Ninachosema ni kwamba namba hiyo haijawahi kunifikia mimi juu ya dungu, wala mvuvi wa Kivukoni, wala mama mwenye mbuzi kando ya Lumemo. Na kupima tunaweza, usiniambie hatuwezi. Ifakara ni mji wa kupima. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifungua hapa maabara ndogo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu nikiwa msichana naona vijana wa mitaani kwetu wakienda usiku kutega mbu, asubuhi wanawahesabu mmoja mmoja, wanawatenga kwa aina, wanaandika. Mbu wa Namawala na Lupiro wanajulikana kwa wataalamu wa dunia nzima. Tumeweza kuhesabu mbu kwa miaka na miaka, mdudu asiyejaa ncha ya kidole. Maji yanayofunika shamba la mtu tutashindwaje?

Ninavyoona mimi, na nimeliwaza sana, kazi yenyewe si ya mabilioni. TAZARA imepita kwenye ukingo wote wa bonde, kuanzia Mlimba, Chita, Mngeta, Mbingu hadi hapa, na mito inayoshuka Udzungwa inapita chini ya madaraja yake. Kila nguzo ya daraja ipakwe rangi, mistari na namba, mita na nusu mita, kubwa za kusomeka kutoka ukingoni. Daraja la Magufuli juu ya Kilombero, lililofunguliwa 2018, lenye mita 384, lipakwe vivyo hivyo. Kabla yake tulivuka kwa pantoni, na wale tunaoikumbuka Januari 2016, kivuko kilipozama na watu, hatuhitaji kuelezwa mto huu unaweza nini. Kila daraja lipate mtu mmoja wa kijiji hicho, alipwe posho, asome namba asubuhi na jioni, aitume kwa simu. Ruhudji na Mnyera ziwekewe vipimo vya kujiandika, kwa sababu huko ndiko habari inakoanzia na hakuna reli ya kutusaidia. Kisha namba zisomwe redioni saa ambayo watu wako juu ya madungu na redio zao, saa moja jioni: Mnyera imepanda nusu mita tangu jana, Mngeta iko vile vile, Kilombero darajani mita kadhaa. Ziandikwe kwa chaki sokoni, kwa wasio na redio. Baada ya misimu miwili mtasikia wakulima wenyewe wakibishana, Mnyera ikipanda kiasi hiki kwangu maji yanafika siku ya ngapi. Huo ndio utabiri wa Kilombero, na wataalamu wa hali ya hewa watakuwa na kitu cha kuunganisha na mawingu yao.

Nimelisema hili mbele za watu na nimejibiwa. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, hata tukijua, maji tutayazuia?" Hatutayazuia. Lakini mtu aliyepewa siku mbili anavuna kilichoiva, anapandisha magunia darini, anahamisha mbuzi, anamtoa mama yake mgonjwa mchana badala ya kumbeba usiku kifuani mwa maji. Anayetaka kupandikiza anangoja wiki. Fundi aliyekuwa anafyatua tofali anazifunika au anaacha kabisa. Mwenye pikipiki ya abiria anajua kama kesho atafika Mbingu na kurudi. Na mzazi anawarudisha watoto mjini. Nimeita majina darasani mwezi wa Aprili mbele ya madawati matupu, najua watoto wako mbugani na wazazi wao, na usiku wa mvua nikakosa usingizi kwa ajili yao.

Jibu la pili huwa la ukali kidogo: hameni mbugani, mmefuata nini majini? Tumefuata mpunga. Mchele wa Kilombero unaonukia kwenye sufuria za Dar es Salaam na Morogoro unatoka kwenye tope hilo, na tope linaletwa na maji hayo hayo. Wandamba wamevua na kulima humu tangu kabla ya Wajerumani, wakijenga juu ya nguzo, wakihama na kurudi kwa kufuata mto. Tukiwafukuza watu mbugani kila maji yakija, na kuwasifu kwa mavuno kila maji yakishuka, tunakuwa hatujaamua kama tunalitaka bonde hili au hatulitaki. Mimi nalitaka, pamoja na maji yake. Nataka tu kuambiwa yanakuja lini.

Wiki iliyopita zilinyesha mvua za kwanza. Binti yetu wa York alinitumia ujumbe jioni: Ouse iko mita moja na nukta kadhaa, inapanda, anasema kesho atapita njia ya juu kwenda kazini. Kisha akauliza, "Na Kilombero, mama mkubwa?"

Nilimtuma mjukuu wangu apande baiskeli hadi darajani kabla jua halijazama. Alirudi na matope hadi magotini, akaegemeza baiskeli ukutani, akahema, akasema, "Bibi, maji yamefika pale wanaponywesha ng'ombe, ila yamebakiza kidogo kuligusa lile jiwe jeupe." Nikamwandikia hivyo hivyo.